Fundi Ashike Mkono wa Roboti

Katika miaka ya 1960, kiwanda cha Trallfa mjini Bryne, Norway, kilikuwa kikiunda wilbaro, na watu wa kuzipaka rangi walikuwa adimu. Injinia Ole Molaug akatengeneza roboti ya kupulizia rangi, ikaanza kazi mwaka 1967. Mpakaji rangi mzoefu aliushika mkono wa mashine, akaupitisha kama anavyopuliza mwenyewe, nayo ikaukariri mwendo ule. Hakuandika hata mstari mmoja wa msimbo. Aliyeijua kazi ndiye aliyeifundisha mashine.

Hilo ndilo hunijia akilini ninapopita Mji wa Kale, Mombasa. Mtazame fundi wa nakshi akichonga fremu ya mlango: akikaribia ncha ya ua huilaza patasi, na mbao ikibadilika mshipa hupunguza nguvu ya nyundo. Ujuzi huo haumo katika kitabu chochote cha uinjinia. Ukisubiri mpaka fundi ajifunze lugha ya kompyuta, tena ya Kiingereza, utasubiri sana. Wala hakuna haja ya kusubiri: mikono ya roboti ya Universal Robots ya Denmark, iliyoingia sokoni mwaka 2008, huongozwa kwa kushikwa vilevile.

Kwa watoto nao, njia rahisi ya kuiamuru mashine ipo tayari. Seymour Papert, mzaliwa wa Pretoria, alishirikiana na wenzake Marekani kubuni lugha ya Logo mwaka 1967, na baadaye watoto wakaitumia kuendesha roboti ya kobe sakafuni. Mrithi wa Logo ni Scratch ya mwaka 2007, programu ya bure ambayo amri zake ni vipande vya rangi: cha buluu husogeza, cha manjano huanzisha, cha machungwa hurudia. Huendesha hata mota za LEGO. Fungua orodha ya lugha zake, Kiswahili kimo. Mtoto wa Kibokoni, mtaa wa Mji wa Kale, anaweza kuiamuru mashine kwa lugha ya nyumbani kwao.

Serikali ya Kenya iliidhinisha mtaala wa kuandika programu mashuleni mwaka 2022, na ni hatua njema. Lakini fundi mwenye wajukuu harudi darasani. Swahilipot Hub, kando ya Fort Jesus, inakusanya vijana wa sanaa na teknolojia. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa kiko Tudor, katika kisiwa hichohicho cha Mombasa. Taasisi hizo mbili zikiungana, zifunge mkono mmoja wa roboti pale Swahilipot, na wa kwanza kuushika awe fundi wa nakshi, wanafunzi wa kompyuta wakimtazama.