Picha, Vyeti na Sauti za Nyumbani: Je, Umeziweka Wapi?

Ndugu msomaji, hebu acha kidogo shughuli zako za Jumapili hii ujiulize swali moja tu. Simu uliyonayo mkononi ikitumbukia katika ndoo ya maji sasa hivi, au ikinyakuliwa dirishani mwa daladala, ni kitu gani kilichomo ndani yake ambacho hutaweza kukinunua tena dukani?

Mimi nililijibu swali hilo nikiwa nimekwisha kuchelewa. Katika likizo ya mwisho niliyokaa na marehemu baba, tuliketi chini ya mwembe nyumbani kwetu Sengerema, nami nikarekodi sauti yake kwa simu katika vipande vitatu. Katika kipande cha kwanza alizitaja koo zetu, nani alimzaa nani. Katika cha pili alisimulia safari yake ya kwanza ya kuvuka ziwa kwenda Mwanza kutafuta kazi. Cha tatu ndicho kilichokuwa na uzito kuliko vyote, kwani humo alieleza, mti kwa mti na jiwe kwa jiwe, mipaka ya shamba alilorithi kwa baba yake.

Miezi michache baada ya mazishi simu ile iliibwa. Nilinunua nyingine, nikarudisha laini yangu, nikapata tena namba zote za watu. Sauti ya baba haikurudi. Nilikuwa nimekwisha kata tamaa hadi siku moja nilipozungumza na shangazi yangu aliyeko Mwanza, akanikumbusha kwamba nilipata kumtumia kipande kimoja kwa WhatsApp. Nilimwuliza kwa woga kama bado anacho. Akanijibu, "Mwanangu, sauti ya kaka yangu niifute ili iweje?"

Kipande alichokuwa nacho ni kile cha pili, cha safari ya ziwani. Cha koo na cha mipaka havikuonekana popote, na mpaka leo kaka zangu na jirani wa upande wa magharibi hawajaafikiana ni jiwe lipi alilolikusudia mzee.

Mkasa wa namna hii haumpati mfanyakazi wa kawaida peke yake. Mwaka 1998, katika studio ya Pixar huko Marekani, mtu mmoja alitoa amri isiyo sahihi katika kompyuta, na faili za filamu ya katuni Toy Story 2, iliyokuwa bado inatengenezwa, zikaanza kufutika huku wenyewe wakitazama. Walipoikimbilia akiba yao wakakuta kwamba nayo haikuwa ikifanya kazi sawasawa, wala hakuna aliyekuwa amegundua. Kilichowaokoa ni kompyuta iliyokuwa nyumbani kwa Bibi Galyn Susman, mmoja wa wakuu wa ufundi wa filamu hiyo, ambaye alikuwa akifanyia kazi nyumbani kwa sababu alikuwa amejifungua. Filamu ilitoka mwaka 1999. Kampuni nzima yenye mitambo ya thamani iliokolewa na nakala iliyokuwa nyumbani kwa mama mwenye mtoto mchanga, kama nami nilivyookolewa na shangazi.

TATU, MBILI, MOJA

Wapiga picha, ambao riziki yao ni faili, wana kanuni inayojulikana kwa tarakimu zake: tatu, mbili, moja. Aliyeieneza ni mpiga picha wa Marekani, Bwana Peter Krogh. Kanuni yenyewe yasema: uwe na nakala 3 za kila kitu cha thamani; nakala hizo zikae katika vyombo vya aina 2 tofauti; na nakala 1 iwe mbali na nyumba yako. Sababu yake haihitaji maelezo marefu kwa mkazi wa Dar es Salaam aliyewahi kuona maji ya mafuriko yakiingia sebuleni. Kompyuta na diski ya akiba vikilala katika kabati moja, maji yatavichukua vyote kwa pamoja, na mwizi vilevile.

Lakini huwezi kunakili usichojua kilipo, na hapo ndipo kazi kubwa ilipo. Nilipoamua kujirekebisha nilitenga Jumamosi nzima. Niliviweka mezani vyombo vyote vya nyumba yangu: simu mbili za zamani, moja ikiwa na kioo kilichopasuka, kompyuta ya mkononi, flashi nne, mojawapo ikiwa ya kazini, kadi ndogo tatu za kumbukumbu, na bahasha ya vyeti vya karatasi. Mke wangu aliniuliza kama nafungua kibanda cha fundi simu. Kabla ya adhuhuri nilikuwa nimegundua kwamba picha za ubatizo wa mtoto wetu wa kwanza zilikuwa katika ile simu iliyopasuka na si mahali pengine popote, ilhali picha moja ya kikombe cha chai ilikuwa imehifadhiwa mara sita.

Nakushauri usianze na kufuta. Kwanza kusanya kila kitu mahali pamoja, hata takataka, ndipo upange. Mimi nilifungua jalada moja kuu katika kompyuta na ndani yake nikatenga majalada kwa miaka, na jalada la pekee la nyaraka: vyeti vya kuzaliwa, cheti cha ndoa, vyeti vya shule, mkataba wa pango, kadi za chanjo za watoto. Zile za karatasi nilizipiga picha kwa simu, mchana, karibu na dirisha, karatasi ikiwa imelazwa juu ya meza na kivuli changu kikiwa pembeni. Faili nilizipa majina yanayosomeka, mwaka ukitangulia, ili zijipange zenyewe. Jina kama "IMG_4471" halitamwambia mjukuu lolote.

Jambo moja linalowaponyoka wengi: picha inayotumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hubanwa ili iende upesi, nayo hupoteza sehemu ya ubora wake. Ukitaka picha ya harusi ifike kama ilivyopigwa, itume kama hati, au mwendee mwenye simu iliyoipiga umpelekee flashi.

Baada ya kukusanya ndipo inapokuja diski ya nje, ile ambayo madukani wanaiita hadidiski. Diski ya terabaiti moja, yaani gigabaiti 1,000, huweza kubeba picha zipatazo 300,000 ikiwa kila picha ina megabaiti tatu. Familia nyingi hazitaijaza. Ndani ya diski za aina ya kale mna visahani vinavyozunguka maelfu ya mara kwa dakika, na kichwa cha kusomea kikielea juu yake kwa nafasi ndogo mno. Ikianguka inapofanya kazi yaweza kuwa mwisho wake. Flashi haina visahani, bali hutunza habari kwa chaji ndogo za umeme ambazo zikiachwa miaka mingi bila kuguswa hufifia. Kwa hiyo flashi ni chombo cha kubebea, si cha kuwekea urithi. Na sisi tukaao pwani, penye hewa ya chumvi na unyevu, hatuna budi kuiweka diski mahali pakavu, ndani ya kopo lenye kifuniko.

Diski ikimaliza kazi ichomoe. Wako wahalifu wanaotuma programu zinazozifunga faili zote za kompyuta kisha wakadai fedha; ile iliyoitwa WannaCry ilienea ulimwenguni mwezi wa Mei mwaka 2017. Programu za namna hiyo huweza kuifunga pia diski inayozikuta imechomekwa.

WINGU NA FIMBO YA MBALI

Nakala ya tatu, ile ya mbali, siku hizi watu huipeleka katika kile kinachoitwa wingu. Jina hilo limewapotosha baadhi yetu. Hakuna kitu angani. Wingu ni majengo makubwa yenye maelfu ya kompyuta za makampuni, nasi twatumiwa nafasi humo kupitia intaneti. Google humpa kila mwenye akaunti gigabaiti 15 bila malipo, lakini nafasi hiyo hugawanywa baina ya barua pepe, hati na picha. Tangu tarehe 1 Juni, 2021, picha mpya zote huhesabiwa humo; ile ruhusa ya kuweka picha zilizopunguzwa ubora bila kikomo ilikwisha siku hiyo. Apple na Microsoft hutoa gigabaiti 5 kila mmoja. Gigabaiti 15 ni picha kama 5,000 hivi, ila video huila nafasi hiyo upesi sana, kwani dakika moja yake yaweza kufika megabaiti 100 au zaidi. Tena kumbuka kwamba unachokipandisha huko hukatwa katika bando lako. Amuru simu ipandishe inapokuwa kwenye Wi-Fi tu, na nyaraka zitangulie kabla ya video za sherehe.

Wapo wanaodhani kwamba wakishafika huko wamesalimika. Mathalani, mwezi wa Septemba mwaka 2025, moto wa betri ulizuka katika kituo cha serikali cha kuhifadhi habari mjini Daejeon, Korea Kusini, ukateketeza hifadhi ya hati za watumishi wa umma, terabaiti 858, ambayo haikuwa na nakala mahali pengine. Kwetu, tarehe 12 Mei, 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ikazorota au kutoweka Tanzania na nchi jirani. Aliyekuwa na cheti chake wingunu peke yake na akatakiwa akiwasilishe siku hiyo alitambua maana ya fimbo ya mbali. Mwenye diski kabatini hakuwa na haja ya kungoja meli ya mafundi.

Hatari nyingine ni ya kimyakimya. Huduma nyingi za wingu hufanya kazi kama kioo: unachokiongeza katika simu huongezeka kule, na unachokifuta huweza kufutika kule pia. Mtoto akichezea simu yako akafuta albamu, kioo nacho kitaonyesha utupu. Yako mapipa ya taka yanayokupa muda wa kujuta, siku 30 katika Google Drive, lakini muda huo ukipita basi. Kwa sababu hiyo, kioo hakiwezi kuchukua nafasi ya diski iliyochomolewa.

Ama kuhusu ufunguo: tumia nenosiri refu ambalo hulitumii mahali pengine, na uweke uthibitisho wa hatua mbili. Huduma hii huambatana na namba chache za dharura. Ziandike katika karatasi uiweke pamoja na hati za nyumba, kwani aliyeibiwa simu ndiye hasa asiyeweza kupokea ujumbe wa kuthibitisha kwamba yeye ni yeye. Isitoshe, ingia katika akaunti yako mara kwa mara. Tangu Desemba 2023 Google huweza kuifuta akaunti ya mtu binafsi isiyotumika kwa miaka miwili.

Sura hiyo ya mwisho inawahusu hasa wazazi. Baba alikuwa na akaunti aliyofunguliwa na kijana mmoja wa mjini. Nenosiri lake alilijua mwenyewe, akaondoka nalo. Google ina mpango wa kumteua ndugu atakayepewa faili zako akaunti ikikaa kimya kwa miezi uliyoichagua, na Apple ina wake tangu mwaka 2021. Kuujaza kulinichukua muda usiozidi ule wa kunywa chai, nami nilimteua mke wangu.

Kilichobaki ni kujaribu, jambo ambalo wale wa Pixar hawakulifanya. Kila baada ya miezi mitatu nachukua diski, naichomeka katika kompyuta isiyo yangu, nafungua faili tatu au nne bila kuchagua. Diski ya pili iko Mbagala kwa shemeji yangu, imefungwa kwa nenosiri, nasi hubadilishana tunapotembeleana: yangu hukaa kwake, yake hukaa kwangu. Mara ya mwisho nilifungua ile sauti ya safari ya ziwani na watoto wakaja kusikiliza. Mdogo wao, ambaye hakuwahi kumwona babu yake, aliuliza mzee huyo alifika lini Mwanza.

Mwezi wa Desemba nakwenda Mwanza, Mungu akipenda. Nimemwomba shangazi asibadilishe simu yake kabla sijafika, kwani anasema mle ndani mna vitu vingi vya kaka yake ambavyo hata hajapata kuvifungua.