Mrututu Ulipoachiwa Nyumba

Nikiwa kidato cha tatu Morogoro, mwalimu wa kemia alitupa kazi iliyoonekana rahisi: kukuza fuwele ya mrututu. Unachemsha maji, unamimina ule unga wa bluu huku ukikoroga mpaka ugome kuyeyuka, unachuja, kisha unaning'iniza punje moja kwenye uzi na kusubiri. Siku ya nne fuwele yangu ilikuwa kubwa kama punje ya hindi. Siku ya tano, mchana wa jua kali, nikakuta uzi mtupu. Nilimtuhumu jirani yangu wa meza, tena kwa maneno makali. Kumbe mwizi alikuwa joto la dirishani.

Mrututu, au salfeti ya shaba, wengi wetu tunaufahamu. Wakulima wa kahawa wameutumia miaka mingi kupambana na ukungu, na kwenye maabara za shule ndiyo ile chupa ya bluu ambayo kila mtu anaikumbuka hata kama kemia ilimshinda. Maji yanayochemka hubeba zaidi ya mara tatu ya mrututu unaoweza kubebwa na maji ya kawaida. Yakipoa, mzigo unazidi uwezo, na ule wa ziada lazima ushuke mahali. Unashuka pale palipo na pa kushika: kwenye uzi, kwenye mkwaruzo wa bika, na zaidi ya yote kwenye fuwele ambayo tayari ipo. Joto likipanda, safari inageuka, fuwele inarudi majini. Hicho ndicho kilichonikuta.

Sasa chukua jaribio hilo hilo, badala ya bika weka nyumba.

Mwaka 2008 msanii wa Uingereza, Roger Hiorns, alipewa nyumba tupu katika jengo la halmashauri huko Harper Road, kusini mwa London, lililokuwa linasubiri kubomolewa. Kuta na dari ziliimarishwa, ndani pakazibwa kwa plastiki ili pasivuje, kisha kupitia tundu la darini wakamimina lita 75,000 za maji ya moto yaliyojaa mrututu. Hizo ni lita za kujaza matangi 15 ya lita 5,000. Halafu wakaondoka. Wiki chache baadaye yale maji yaliyobaki yakanyonywa, mlango ukafunguliwa.

Ndani, kila kitu kilikuwa bluu. Sakafu, kuta, dari, hadi sinki la kuogea, vyote vimeota fuwele zenye kingo kali zinazometameta. Wageni walivaa mabuti ya mpira na glavu, maana mrututu ni sumu. Kazi hiyo inaitwa *Seizure*, na mwaka uliofuata ilimfikisha Hiorns kwenye orodha fupi ya tuzo ya Turner.

Swali langu la kwanza nilipoona picha zake halikuwa la sanaa hata kidogo. Nilijiuliza: zimekuaje kubwa hivyo kwa wiki chache, wakati mimi nilihangaika na punje ya hindi? Jibu lipo jikoni kwenu. Kikombe cha chai kinapoa ukigeuka kidogo tu, lakini sufuria la shughuli linakaa na moto wake mpaka usiku. Maji yakiwa mengi, eneo la kutolea joto ni dogo ukilinganisha na ujazo, kwa hiyo yanapoa polepole. Na upole huo ndio siri yenyewe. Myeyusho ukipoa ghafla, maelfu ya fuwele huanza kwa mpigo, zinagombania malighafi na zote zinabaki vijipunje. Ukipoa taratibu zinaanza chache, kila chembe inapata muda wa kutua kwenye nafasi yake sahihi, na fuwele inanenepa huku ikishika umbo lake la mshazari. Hiorns hakuchonga hata ukingo mmoja. Alichagua kemikali, joto, chumba na muda. Mengine yalifanywa na shaba, salfeti na maji.

Lakini kuna jambo linalonikera kwenye simulizi nyingi za kazi hii: zinaanza na bluu na kuishia na bluu. Ile ilikuwa nyumba. Watu wa kipato cha chini walipika mle, waliogesha watoto kwenye sinki lile lile. Kwangu mimi nguvu ya kazi imekaa hapo. Uzuri umeota juu ya makazi ambayo mji ulishaamua kuyafuta, na umeota bila kumjali yeyote, kama ukungu unavyoota.

Kisha likaja tatizo. Jengo litabomolewa, chumba kife nacho? Waliamua kukiokoa. Chumba kizima, chenye uzito wa tani 30 hivi, kilikatwa na kutolewa, na mwaka 2013 kikafunguliwa tena katika bustani ya sanamu ya Yorkshire Sculpture Park, ndani ya jengo lililojengwa kwa ajili yake.

Hapo mwanakemia lazima akune kichwa. Fuwele ya mrututu si shaba na salfeti peke yake. Kila kipimo kimoja kimeshikana na molekuli 5 za maji, na maji hayo ni zaidi ya theluthi moja ya uzito wake. Hata ile bluu inayatgemea. Yatoe yote kwa kuchoma, unabaki na unga mweupe. Kwa hiyo hewa ikikauka mno, uso wa fuwele unaanza kupauka. Mvuke ukiganda matone juu yake, unaanza kuyeyuka. Kumbe kukihifadhi chumba kile maana yake ni kukisimamisha kwa nguvu pale kilipofika.

Kuna kazi nyingine iliyokwenda njia ya pili kabisa. Mwaka 1970, kwenye Ziwa Kuu la Chumvi huko Utah, Marekani, Robert Smithson alitumia malori na mashine kupanga zaidi ya tani 6,000 za mawe meusi na udongo kuwa njia iliyojikunja kama konokono, urefu wa mita 460 hivi. Inaitwa *Spiral Jetty*. Upande ule wa ziwa una chumvi nyingi ajabu, na maji yake ni ya waridi kwa sababu ya vijidudu vinavyopenda chumvi. Ndugu zao wa karibu ndio wanaolipaka wekundu Ziwa Natron letu. Haukupita muda ziwa likapanda na kuifunika. Ilipoibuka mwaka 2002, yale mawe meusi yalikuwa yamevaa chumvi nyeupe. Hakuna aliyeyapaka.

Nilipenda sana kuisimulia kama mfano wa asili kupewa nafasi, mpaka nilipoangalia habari za ziwa lenyewe. Novemba 2022 kina chake kilishuka kuliko wakati wowote tangu kianze kupimwa, sababu kubwa ikiwa maji ya mito yanayochepushwa kabla ya kufika, mengi yakienda mashambani. Sasa konokono amekaa juu ya mchanga mkavu, na vumbi la ziwa lililo wazi, lenye madini kama aseniki, linapeperukia watu wanaoishi jirani. Yaani hata kazi iliyoachiwa "asili" inasimamiwa na mtu fulani anayefungua na kufunga maji juu ya mto.

Ukitaka kujaribu mwenyewe, tumia shabu badala ya mrututu; fuwele zake ni nzuri na hatari yake ni ndogo zaidi. Funika chombo, kiweke gizani mbali na dirisha, usikisogeze.

Fuwele yangu ya pili niliificha chini ya kabati kwa wiki tatu na ikatoka kubwa kama kidole gumba. Ipo mpaka leo kwenye kopo nyumbani kwa mama, Dodoma, kwenye hewa kavu. Likizo iliyopita nilikuta kingo zake zimeshika unga mweupe. Mwenzangu wa maabara anasema niipake rangi ya kucha, ile isiyo na rangi, itaacha kupauka. Sijaamua bado.