Kilango cha Moyo Kilicholegea Hakikukatazi Mazoezi

Huenda daktari amekuambia kuwa kilango kilicho kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo wako kimelegea, na hubenuka kila moyo usukumapo damu. Usikimbilie kitandani. Watu wapatao 2 au 3 katika kila 100 wana kilango cha namna hiyo, na wengi huzeeka nacho bila taabu. Daktari John Barlow wa Johannesburg ndiye aliyeeleza mwaka 1963 kwamba mlio wake mdogo, mfano wa kidole kinachoalika, hutoka kilangoni humo.

Linalopasa kujulikana ni kama kinavujisha damu. Kipimo cha mawimbi ya sauti hulijibu swali hilo. Ikiwa hakivuji, au huvuja kidogo tu, nawe huna dalili yoyote, tembea kwa haraka, endesha baiskeli, ogelea. Mwendo ukuwezeshe kuzungumza, wala usikome ghafla. Kinachovuja sana ni jambo jingine: kunyanyua vyuma, hata magunia kazini, kungoje ruhusa ya daktari. Na ukizimia, ukabanwa kifua, au moyo ukidunda ovyo, acha mazoezi ukapimwe siku hiyo hiyo, hasa ikiwa katika ukoo wenu yupo aliyekufa ghafla angali kijana.