Kuchora Nako ni Kazi
Wako wazazi wanaoona kwamba somo la sanaa katika sekondari ni kupoteza wakati. Sisi hatukubaliani nao. Mwanafunzi asitarajie mchezo: atachora mtungi ule ule mara nyingi, atafuta na kuanza tena, na wenzake wataikosoa kazi yake hadharani. Kijana wa Tabora akaichore nyumba ya tembe pale Kwihara, penye njia ya kale ya misafara, alipokaa Livingstone mwaka 1872. Atajifunza kupima kwa macho. Seremala asiyejua kuchora hukata mbao kwa kubahatisha. Na Sam Ntiro, mchoraji aliyesoma Makerere na London, aliiwakilisha nchi yetu Uingereza baada ya Uhuru. Ndugu wazazi, wanunulieni watoto penseli.