Kipi Kitangulie? Namna ya Kupanga Vipaumbele Dhidi ya Hatari za Mazingira

Mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010 mto Mkondoa ulivunja kingo zake wilayani Kilosa. Maelfu ya wakazi walipoteza makazi wakahifadhiwa katika mahema, mashamba yakafunikwa na mchanga, na reli ya kati ikakatika kwa miezi kadhaa. Habari hizo zilifika nchi nzima, nazo zilistahili. Lakini katika siku hizo hizo, kwenye nyumba ambazo maji hayakuzifikia, chakula kilipikwa kwa kuni kama kawaida, watoto wachanga wakiwa migongoni mwa mama zao na moshi ukiwa umejaa jikoni. Moshi ule haukutangazwa popote.

Mafuriko na moshi vyote ni hatari za mazingira kwa afya. Je, fedha zikitosha kushughulikia jambo moja tu mwaka huu, kipi kitangulie? Swali hili huulizwa katika mikutano ya mataifa, na huulizwa pia, hata kama si kwa maneno hayo, katika mkutano mkuu wa kijiji cha kata kama Mabwerebwere. Makala haya yanaeleza namna ya kulijibu kwa utaratibu badala ya kuacha jibu liamuliwe na hofu, mazoea au sauti ya mtu mmoja.

Tishio si sawa na hatari

Kwanza tutenganishe mambo mawili. Mamba aliye mtoni ni tishio. Anakuwa hatari kwa binti anayechota maji kwenye ukingo huo kila alfajiri, wala si kwa mtu anayechota kisimani. Ukubwa wa hatari hutegemea ukali wa tishio, idadi ya watu wanaokutana nalo, na mara ngapi wanakutana nalo. Ndiyo maana tishio linalotisha sana huweza kuwa hatari ndogo, na jambo lililozoeleka huweza kuua wengi.

Takwimu za dunia zinathibitisha hilo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2012 watu milioni 12.6 walifariki kwa sababu zinazohusiana na mazingira yasiyo salama, yaani takribani kifo kimoja katika kila vinne. Shirika hilo linakadiria pia kuwa moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 mwaka 2020, wakiwamo watoto zaidi ya 237,000 walio chini ya umri wa miaka mitano. Maji yasiyo salama na ukosefu wa vyoo na usafi vilihusishwa na vifo milioni 1.4 mwaka 2019. Moshi hauui kwa siku moja. Huleta nimonia kwa mtoto, na kwa mtu mzima huleta kiharusi, magonjwa ya moyo, magonjwa sugu ya mapafu na saratani. Kwa kuwa kila kifo huandikwa kwa jina la ugonjwa, chanzo chake hubaki jikoni bila kutajwa.

Maswali matano ya mizani

Anayepanga vipaumbele hupima kila hatari kwa maswali matano.

La kwanza ni wingi na ukali: wangapi wanaumia, na wanaumia kiasi gani? La pili ni uwezekano wa kuzuia: je, ipo njia iliyokwisha kuthibitika kufanya kazi? Hatari kubwa isiyo na kinga inayojulikana inahitaji utafiti. Ile yenye kinga inahitaji utekelezaji, na huko ndiko fedha chache huokoa maisha mengi. La tatu ni gharama, yaani manufaa yanayopatikana kwa kila shilingi, pamoja na muda na nguvu za watu. La nne ni urejeshaji: je, madhara yakishatokea yanaweza kurekebishwa? Choo kilichobomoka hujengwa upya katika mwezi mmoja. Msitu wa asili uliokwisha hauwezi kurudishwa na kizazi kilichoukata. La tano ni haki: nani anabeba mzigo, na je, ndiye aliyeusababisha?

Historia inaonyesha kuwa dunia hufanikiwa pale maswali haya yanapojibika vizuri. Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987 ulizuia kemikali zinazoharibu tabaka la ozoni kwa sababu chanzo kilijulikana, watengenezaji walikuwa wachache na kemikali mbadala zilipatikana. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa petroli yenye risasi, madini yanayodhuru ubongo wa mtoto: nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliacha kuiuza kufikia mwaka 2006, na Algeria, nchi ya mwisho duniani, iliacha mwaka 2021. Mabadiliko ya tabianchi ni magumu zaidi kwa kuwa gesi zake hutoka katika kila kiwanda, kila gari na kila shamba lililofyekwa. Hapo swali la haki linakuwa zito. Mkulima wa Kilosa amechangia kidogo mno katika joto la dunia, ilhali mvua zisizotabirika zinamfikia yeye mapema. Wajibu wa kupunguza gesi hizo uko kwanza kwa nchi zinazozizalisha kwa wingi. Wajibu wa kijiji ni kujilinda na kuhimili.

Hatari hutembea kwa mnyororo

Kosa la kawaida ni kuziorodhesha hatari kana kwamba kila moja inasimama peke yake. Tufuate maji ya Mkondoa. Mto huu hupokea maji ya Kinyasungwe kutoka upande wa Dodoma, ukapita kati ya milima hadi mji wa Kilosa, kisha ukaelekea bonde la Wami. Miteremko ikipoteza miti, mvua hubeba udongo na mchanga, kina cha mto hupungua, na maji yaliyokuwa yakipita salama hupanda juu ya tuta. Mafuriko hufurika vyoo na visima. Hapo kuhara na kipindupindu hupata njia. Maji yakituama, mbu huzaliana, nayo malaria huongezeka. Mvua kubwa za mwishoni mwa 2006 zilifuatiwa na mlipuko wa homa ya Bonde la Ufa, ugonjwa wa mifugo unaowapata pia binadamu, na zaidi ya watu 140 walifariki nchini mwaka 2007.

Kwa hiyo kuna swali la ziada: ni pete gani ya mnyororo ambayo ikikatwa, hatari nyingi hupungua kwa pamoja? Kilosa ina mifano ya kujifunza. Kati ya 2009 na 2014 Shirika la Kuhifadhi Misitu ya Asili Tanzania, likishirikiana na mtandao wa MJUMITA na kwa ufadhili wa Norway, liliendesha mradi wa majaribio ambamo wanavijiji walilipwa kwa kutunza misitu inayohifadhi hewa ya ukaa. Kuanzia 2012 baadhi ya vijiji vya wilaya hiyo vilianza uvunaji endelevu wa mkaa: sehemu ndogo za msitu huvunwa kwa zamu katika mzunguko wa miaka 24 ili miti ichipue tena, na sehemu ya mapato huingia katika mfuko wa kijiji kwa huduma za jamii. Dunia iliutazama msitu kama ghala la hewa ya ukaa. Kijiji kiliutazama kama kinga ya maji na chanzo cha mapato. Vipaumbele hivyo viwili vilikutana katika mti mmoja.

Hata hivyo, mkaa ulioandaliwa vizuri bado hutoa hewa yenye sumu ndani ya nyumba. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034. Kabla ya siku hiyo kufika katika kila kaya, yapo ya gharama ndogo: jiko banifu, dirisha la pili jikoni, kuni zilizokauka, na kumweka mtoto mbali na moto wakati wa kupika.

Kutoka mizani hadi uamuzi

Serikali ya kijiji inaweza kuanza na vitabu vya MTUHA vya zahanati: ni magonjwa gani yanayoongoza, kwa umri gani, na katika miezi ipi? Lakini vitabu hivyo huwaona waliofika zahanati tu. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii awaulize wasiofika, hasa wanawake, ambao ndio wachotaji wa maji na wapishi. Kisha kila hatari ipimwe kwa maswali matano, hadharani, katika mkutano mkuu, na uamuzi uingizwe kwenye mpango wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo unaopelekwa halmashauri. Mwaka ukiisha, vitabu vifunguliwe tena: je, kuhara na nimonia vimepungua?

Kwa kata iliyo katika bonde la mto, mizani hiyo huenda ikatoa mpangilio ufuatao. Maji salama, vyoo imara, vyandarua na kupunguza moshi vitangulie, kwa kuwa vinagusa wengi kila siku na kinga zake ni nafuu. Mafuriko makubwa hayaji kila mwaka, ila yakija hufuta kazi ya miaka mingi. Kwa hiyo ukarabati wa tuta na kutojenga katika mkondo wa maji vitengewe fungu la kudumu, hata katika mwaka wa ukame. Hifadhi ya misitu ya milimani iendelee muda wote, kwa sababu matunda yake huchelewa na hasara yake hairudishiki.

Wahenga walisema mshika mawili moja humponyoka. Kupanga vipaumbele hakumaanishi kuyatupa mengine. Ni kukubaliana wazi lipi lishikwe leo, lipi lilindwe lisiharibike, na lipi lisubiri. Kijiji kisichofanya uamuzi huo kimekwisha kuamua pia, na gharama yake hulipwa na mtoto aliye mgongoni, jikoni, penye moshi.