Ufuko, Banda na Leseni: Maneno ya Haki Kando ya Ziwa Nyasa

Ukingo wa mashariki wa Ziwa Nyasa, tangu Lituhi karibu na mlango wa Mto Ruhuhu hata Chiwindi karibu na mpaka wa Msumbiji, ni nchi ya mtumbwi na wavu. Zamani sehemu hiyo ilikuwa katika Wilaya ya Mbinga. Mwaka wa 2012 ilitengwa ikawa Wilaya ya Nyasa, na makao yake yakawa Mbamba Bay. Mbinga ikabaki na milima ya Wamatengo, wakulima wa kahawa na wa mashimo ya ngolo. Mgawanyo huo uliwatenga watu wa juu na watu wa ziwani katika daftari za serikali, lakini haukubadili desturi moja ya ziwani, nayo ni kwamba chombo hakilazwi majini.

Sababu yake ni upepo. Kati ya Mei na Agosti huvuma upepo wa kusini ambao wasemaji wa Kinyanja huuita mwera, na mawimbi yake huvunja chombo kilichofungwa kwa kamba. Kwa hiyo mtumbwi hukokotwa mchangani ukalazwa chini ya mwembe. Mwenye mashua ya mbao, hasa yenye mashine, husimika nguzo akaezeka kwa nyasi au kwa bati, ili jua lisipasue mbao na mwizi asivutwe na mashine. Hata meli za serikali hazikuepuka haja hiyo. Agosti 1914, Waingereza walipoishambulia meli ya Wajerumani iitwayo Hermann von Wissmann huko Liuli, ambako Wajerumani walikuita Sphinxhafen, waliikuta imepandishwa nchi kavu ili itengenezwe.

Nyumba ya kulala yaweza kurudishwa nyuma hata kilimani. Banda la mashua haliwezi, maana mashua ni mzito nao wanaoikokota ni watu. Basi hapo ufukoni pana kitu cha mtu mmoja juu ya mahali pa watu wote, na serikali ikitaka kukipa kitu hicho ruhusa au kukinyima, hutumia maneno matatu: neno la mahali, neno la kitu, na neno la haki. Yafaa maneno hayo yachunguzwe sasa kuliko zamani, kwa kuwa mwaka wa 2021 sheria ya Tanzania ilibadilishwa, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama. Hapo awali sheria nyingi ziliandikwa kwa Kiingereza, na neno la Kiswahili lilikuwa fasiri tu. Likikosewa, asili ilikuwapo ya kulisahihisha. Sheria inapotungwa au kufasiriwa rasmi kwa Kiswahili, neno la Kiswahili ndilo litakalomwondoa mtu ufukoni au kumwacha.

Neno la mahali

Kiswahili kina maneno mengi ya mahali ambapo nchi hukutana na maji, na kila moja limetokana na namna yake ya kupatazama mahali hapo. Mwambao hutokana na kuambaa, yaani kupita kando ya kitu bila ya kukigusa; ni nchi kama aionavyo baharia aliye chomboni. Ufuko, au ufukwe, ni mchanga wenyewe, mahali pa kukanyaga. Pwani hutokana na kupwa: ni mahali ambapo maji hujaa na kupwa. Neno hilo la mwisho ndilo lililo karibu zaidi na istilahi ya sheria ya Kiingereza inayotaja ukanda ulio kati ya maji makuu na maji madogo. Mtu wa Lamu au wa Bagamoyo hahitaji mwanasheria amwonyeshe ukanda huo, kwa sababu bahari humwonyesha mara mbili kila siku.

Ziwa Nyasa halina kujaa na kupwa kwa namna hiyo. Maji yake hupanda na kushuka kwa majira: hupanda kwa mvua hata yakafika kimo chake cha juu karibu na Aprili na Mei, kisha hushuka hata Novemba na Desemba, na tofauti yake kwa kawaida ni kiasi cha mita 1. Tena kuna mwendo mwingine ulio mrefu zaidi. Karibu na mwaka wa 1915 ziwa lilikuwa limeshuka hata maji yakaacha kutoka kwa Mto Shire, na hali hiyo ikadumu hata 1935; na karibu na mwaka wa 1980 lilipanda sana. Kwa hiyo ziwa lina pwani yake, lakini ni pwani ambayo kupwa kwake kwaweza kuchukua miaka. Mtoto aweza kuzaliwa, akakua na kurithi shamba la mpunga mahali ambapo babu yake alitega nyavu.

Jambo hili ni zito kwa sababu ya hesabu iliyomo katika sheria. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 yataja, miongoni mwa ardhi ya hatari ambayo Waziri aweza kuitangaza kuwa hivyo, ardhi iliyo ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, au ukingo wa ziwa, au ufuko wa bahari. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 nayo hukataza, ndani ya mita 60 hizo hizo, shughuli za binadamu zilizo za kudumu au ziwezazo kudhuru hifadhi ya kingo. Mita 60 ni kipimo kisichobadilika, bali mahali pa kuanzia kupima hubadilika. Mahali ambapo mchanga hupanda mita 1 kwa kila mita 30, maji ya mwisho wa masika huwa mita 30 ndani zaidi ya maji ya Novemba, yaani nusu nzima ya kipimo cha sheria. Banda lililopimwa Novemba likaonekana liko nje ya mpaka, likipimwa Mei huonekana liko ndani, wala mwenyewe hakulisogeza.

Shida hii ya kuufanya ukingo wa maji kuwa mstari haikuanza na wavuvi. Mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa mwaka wa 1890 ulipitisha mpaka wa nchi zao kwenye ufuko wa ziwa upande wa mashariki. Kwa maneno hayo Malawi hudai ziwa lote hata mchangani upande wa Tanzania, nayo Tanzania hushika kwamba mpaka uko katikati ya maji. Shauri hilo lilitokea wazi mwaka wa 1967. Dola mbili zimeshindana kwa sababu ya neno ambalo mwenye mtumbwi huko Liuli hulazimika kulifasiri kila mwaka kwa kamba na mambo.

Neno la kitu

Banda ni neno lenye unyenyekevu. Ni jengo lisilo na kuta kamili, la miti na nyasi, la kuhifadhi mifugo, mazao au chombo. Na udogo wake, kibanda, hutaja makazi ya maskini au mahali pa kuuzia vitu vidogo. Maana yake ya ndani ni kwamba kitu hicho hakikukusudiwa kudumu. Hapo mwenye banda hupata kinga kutoka katika lugha yenyewe: ikiwa sheria ya mazingira hukataza shughuli za kudumu, banda la nyasi si la kudumu. Lakini akiondoa nyasi akaweka bati, akamwaga saruji ili mashua iteleze vizuri, je, banda limekuwa jengo? Wasemaji wengi wataendelea kuliita banda, maana jina hufuata kazi ya kitu. Afisa aweza kuliita jengo, maana yeye hutazama vifaa. Wote wawili husema Kiswahili sahihi, na hasara itakuwa ya mmoja.

Kwamba mvuvi ana haja ya kibanda ufukoni ni jambo lililotambuliwa na sheria tangu kale. Katika Sheria za Justinian, zilizotolewa mwaka wa 533, ufuko ulihesabiwa kuwa wa matumizi ya watu wote, na mpaka wake ulifika hata mahali pa mwisho panapofikiwa na wimbi la majira ya baridi. Na kila mtu aliruhusiwa kujenga kibanda cha kupumzikia na kuanika nyavu zake hapo. Yafaa iangaliwe kwamba Warumi walipima kutoka wimbi la mbali kuliko yote, si kutoka maji ya siku ya kupima. Katika zama zetu, kando ya ghuba ya Port Phillip huko Australia, mabanda ya mashua ya watu binafsi husimama juu ya ardhi ya serikali kwa leseni, na leseni hiyo haimpi mtu milki ya mchanga ulio chini ya banda.

Zaidi ya banda kuna neno linalotaja mahali pa vyombo vingi pamoja. Waswahili wa pwani husema diko, wingi wake madiko, yaani mahali pa kupandishia vyombo na kuteremshia samaki. Katika Kinyanja, doko ni bandari. Lakini lugha ya serikali katika maziwa imechagua mwalo, wingi wake mialo, neno la nchi za Ziwa Viktoria, ambalo kwa Kiganda ni omwalo. Neno hilo limesafiri na idara ya uvuvi hata likafika Nyasa. Ubora wake ni kwamba hutaja mahali pa jamii. Sheria ya Uvuvi ya 2003 huwezesha wanajamii wa fukwe kuunda vikundi vya kusimamia rasilimali za uvuvi pamoja na serikali. Upungufu wake ni kwamba banda la mtu mmoja, lililo kijiji kidogo mbali na mwalo unaotambuliwa, hubaki bila ya jina katika daftari hilo.

Neno la haki

Maneno ya haki nayo ni mengi, na hayalingani. Ruhusa na idhini ni za mdomo zaidi: mwenye mamlaka amekubali. Kibali ni kukubali kulikoandikwa, kwa jambo moja na kwa wakati wake. Leseni, neno lililotoka katika Kiingereza, ni kibali kinacholipiwa ada na kufanywa upya. Hati ni maandishi yenyewe, na katika mambo ya ardhi humaanisha haki ya kumiliki. Milki ni kushika kitu kuwa chako. Watu wengi husema kwamba mtu “ana karatasi ya serikali,” na katika maneno hayo leseni na hati huwa kitu kimoja. Hapo ndipo hatari ilipo.

Mwaka wa 1895 serikali ya Kijerumani ilitangaza kwamba ardhi isiyo na mwenyewe ni ya Dola. Mwaka wa 1923 sheria ya Waingereza iliifanya ardhi yote ya Tanganyika kuwa ardhi ya umma chini ya Gavana, ikatoa haki ya kukaa kwa muda usiozidi miaka 99. Sheria ya 1999 iliendeleza msingi huo, na Rais akawa mdhamini wa ardhi kwa niaba ya wananchi wote. Sheria hiyo ina leseni ya makazi kwa wakaao mijini bila ya hati, lakini leseni hiyo haikuwekwa kwa ardhi ya hatari. Mvuvi basi aweza kuwa na leseni ya uvuvi, na chombo chake kikawa na usajili na leseni, huku mahali pa kukilaza chombo hicho pakiwa hapana karatasi yoyote.

Lakini kukosa karatasi si kukosa haki. Miongoni mwa misingi ya Sheria ya Ardhi ni kwamba mtu ambaye ukaaji wake wa muda mrefu unaotambuliwa, au matumizi yake ya kimila ya ardhi, huvurugwa na serikali, alipwe fidia kamili, ya haki na ya haraka. Jambo hili si la nadharia mahali ambapo bandari hujengwa au kupanuliwa. Mzee aliyekokota mitumbwi mahali pamoja tangu ujana wake ana matumizi ya kimila. Akipewa leseni ya mwaka mmoja kwa mahali pale pale, naye akaipokea kwa furaha kama hati, yawezekana siku ya fidia akaambiwa kwamba alikuwa mwenye leseni tu, na muda wake umekwisha. Karatasi aliyodhani yamwongezea haki itakuwa imetumiwa kuipunguza.

Kazi iliyo mbele ya wataalamu wa lugha, pamoja na Baraza la Kiswahili la Taifa lililoundwa mwaka wa 1967, si kuvumbua maneno mapya. Maneno yapo, yanayokosekana ni mipaka yake. Ufuko wa ziwa wafaa ufasiriwe kuwa ni nafasi iliyo kati ya maji ya kiangazi na maji ya mwisho wa masika, na kipimo chochote kitaje kimeanzia maji yapi. Banda la chombo lafaa litofautishwe na jengo kwa kazi yake na kwa wepesi wa kuondolewa, si kwa bati au nyasi. Na leseni yoyote itakayotolewa ufukoni yapasa iseme kwa maneno yanayoeleweka kwamba si hati, na kwamba haifuti matumizi ya kimila yaliyoitangulia. Sentensi hiyo ya mwisho ni fupi, lakini ikikosekana, mvuvi wa Mbamba Bay hatajua alichotia sahihi hata siku atakapoambiwa aondoe mashua yake.