Keki ya asali na moto wa juu

Keki ya asali huungua. Aliyewahi kuioka nyumbani anaijua hasara hiyo: juu imeshakuwa nyeusi, ukichoma kijiti katikati kinatoka na uji. Ndiyo maana kipande nilichokatiwa kwenye shughuli moja Kinyerezi kilikataa kunitoka kichwani. Rangi yake ilikuwa ya hudhurungi, sawasawa juu na ubavuni, kama ubao wa mninga uliopigwa randa. Ndani kilikuwa laini, kina unyevu, kinanukia hiliki na moshi kidogo sana. Nilipouliza ni oveni gani imetoa kazi hiyo, waliokaa jirani yangu walicheka. Hakuna oveni. Imeokwa kwenye sufuria, jiko la mkaa, uani kwa mama mmoja upande wa kuelekea Kifuru.

Nilikwenda kumtafuta, kwa sababu swali lilikuwa linanikera. Vitabu vya upishi vinasema ukitumia asali badala ya sukari, punguza joto la oveni kwa nyuzi 15 hivi. Mkaa hauna kitufe. Nyuzi 15 unazipunguzaje?

Jibu lake ni majivu.

Mama huyu ni mzaliwa wa Sikonge, mkoani Tabora. Ana miaka hamsini na kitu, sauti ya chini, na mikono isiyotulia. Aliniwekea kigoda, akaendelea na kazi yake. Kwanza mchanga. Ni mchanga wa mtoni, aliouosha mpaka maji yakatoka meupe, akauanika juani, akauchekecha. Huumwaga kwenye sufuria kubwa, kina cha vidole viwili, na juu yake huweka vijiwe vitatu vya kushikilia kibati cha keki. Mchanga hupokea joto la chini na kulitawanya, lisipige mahali pamoja. Mchanga huo huo ameutumia miaka mingi. Umekuwa mweusi, na anasema umezoea kazi kuliko mwanafunzi yeyote aliyewahi kumfundisha.

Mfuniko wake ni sinia kuukuu la bati lenye kingo, ili makaa yasibiringike. Hapo ndipo penye ufundi wenyewe. Keki ya sukari, anaeleza, huwekewa makaa mekundu juu ya sinia tangu mwanzo, na ya chini yanakuwa machache. Keki ya asali inageuzwa mpango. Makaa ya juu huwekwa kidogo, tena huyafunika kwa majivu aliyoyachekecha na kuyahifadhi kwenye kopo. Huyanyunyiza kwa vidole, kama anayetia chumvi, mpaka wekundu wote upotee na ibaki rangi ya kijivu. Ukiweka kiganja juu unasikia joto, lakini halikufukuzi. Kabla ya kuingiza kibati hutupia chembe za unga wa ngano kwenye kisosi ndani ya sufuria na kuhesabu taratibu. Unga ukigeuka rangi upesi, anaongeza majivu. Ukibaki mweupe muda mrefu, anapuliza kidogo.

Halafu husubiri, na hapa mtu mwenye haraka angeharibu kila kitu. Hafunui. Hunusa. Harufu ya kwanza ni ya siagi, ya pili ni ya hiliki, ya tatu ni ya asali yenyewe inapoanza kushika rangi. Harufu hiyo ya tatu ndiyo saa yake. Ikija, hufunua mara moja, hutikisa kibati kidogo kuona kama katikati pametulia, kisha hufunika, huchukua kipepeo na kuyapepea majivu yaruke. Makaa yanawaka tena. Dakika chache tu za moto wa juu ulio wazi, na ule uso wa rangi ya mninga unajitengeneza.

“Sukari inakusubiri, mwanangu,” aliniambia huku akipepea. “Asali haisubiri mtu.”

Kikemia yuko sahihi kabisa. Sukari ya mezani ni molekuli mbili zilizoshikana, glukozi na fruktozi. Kwenye asali nyuki wameshazitenganisha: fruktozi ni kama asilimia 38, glukozi kama 31, na maji kati ya 17 na 18. Fruktozi huanza kugeuka karameli kwenye nyuzijoto 110 hivi, wakati sukari ya mezani huhitaji karibu 160. Juu ya hayo, sukari hizo zilizo huru hukutana na protini za mayai na maziwa na kuleta ile hudhurungi ya uso wa mkate, kwa mmenyuko ambao Mfaransa Louis Camille Maillard aliueleza mwaka 1912. Asali iko tayari kuungua kabla unga haujaiva.

Mambo mengine anayoyafanya nayo yana sababu. Penye kikombe cha sukari huweka robo tatu ya asali, kwa kuwa asali ina utamu mkali zaidi na kikombe chake ni kizito mno: gramu 340 hivi, wakati cha sukari ni kama 200. Maziwa huyapunguza, maana asali imekuja na maji yake. Huongeza magadi soda, robo kijiko cha chai, kwa sababu asali ni chachu hata kama ulimi hauisikii, na uchachu huo ukikutana na magadi ndio unaoinua keki. Kikombe cha kupimia hukipaka mafuta kwanza ili asali iteleze yote. Mayai huyapiga sana, kwani punje za sukari ndizo ambazo kwa kawaida huingiza hewa kwenye siagi, na asali haina punje.

Maandazi anayakanda hivyo hivyo, ila mafuta yasiwe ya moto mkali. Vitumbua vya asali hapendi. Anasema vinashika chuma. Uji wa ulezi ndio anaoutia asali baada ya kuuipua, ukishapoa kidogo, kwa kuwa harufu ya asali nzuri hupotea kwenye mchemko na kulipa bei ile ili kunukisha moshi wa jikoni ni hasara.

Bei ile kweli si mchezo. Kilo ya asali ni ghali kuliko kilo ya sukari mara kadhaa, na sitaki msomaji adhani nampeleka kwenye nafuu. Mama huyu alianza kuoka kwa asali mwanzoni mwa 2024, wakati mvua za El Niño ziliposimamisha viwanda vya sukari na bei ya kilo ikapita shilingi 4,000 katika maeneo mengi. Wakati huo ndugu zake wa Sikonge walikuwa wamemletea dumu. Sukari iliporudi dukani wateja wake hawakutaka kurudi nyuma. Keki ya asali hukaa siku kadhaa bila kukauka, kwa kuwa asali hushika unyevu, na wengi wanaapa kwamba siku ya pili ni tamu kuliko ya kwanza. Mimi pia naapa.

Dumu hilo bado huja kwa basi hadi Stendi ya Magufuli, Mbezi Luis, kisha kwa bajaji kupitia Malamba Mawili. Akilifungua huinamisha uso. Vijana mtaani hupima asali kwa kiberiti, kwa karatasi, kwa kuidondosha mchangani, na hakuna hata kipimo kimoja kati ya hivyo kinachoweza kumkamata mchanganyaji hodari. Kinachothibitisha ni maabara. Yeye hana maabara, ana kumbukumbu. Baba yake alikuwa na mizinga ya magome, aliyoitundika juu ya mitundu na miyombo, na kurina ilikuwa kazi ya usiku, kwa mwenge wa moshi. Anatambua asali iliyopata moshi mwingi, anatambua iliyorinwa kabla ya masega kuzibwa, ambayo ina maji mengi na itachacha. Asali nyeusi yenye moshi huiwekea keki ya tangawizi. Nyepesi ni ya keki ya hiliki. Ya nyuki wadogo wasiouma, ile nyembamba yenye ukali wa limau, haipeleki motoni kamwe; hiyo, anasema, ni ya kulamba. Watoto wake wamekua wakisikia kwamba chovya chovya humaliza buyu la asali, na buyu lenyewe bado analo, limening'inia ukutani.

Kuna wateja wanaomkosesha raha. Ni wale wanaokuja wakisema wana kisukari, kwa hiyo wanataka keki isiyo na sukari, yaani ya asali. Anawakatalia, na baadhi wanaondoka wamenuna. Hana cheti cha lishe, lakini msimamo wake unalingana na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2015, unaoihesabu asali pamoja na sukari za kupunguza, zisizidi asilimia 10 ya nishati ya chakula cha siku. Nimeona chupa za asali barabarani zimeandikwa kwamba zinatibu magonjwa ambayo hata hospitali za rufaa zinahangaika nayo. Nani anaruhusu maneno hayo? Na mama mwenye mtoto chini ya mwaka mmoja hauziwi keki kwa ajili ya mtoto huyo, kwani asali inaweza kuwa na mbegu za bakteria wa botulizimu, ambazo joto la kuoka haliziui na tumbo la mtoto mchanga haliziwezi. Hili ningependa lisemwe kliniki kila wiki.

Lakini lililonisumbua zaidi sikulipata kwenye keki. Lilikuwa kwenye gunia.

Gunia la mkaa liliegemea ukuta, karibu na dumu la asali. Mkaa wake hautoki Sikonge. Unatoka Pwani au Morogoro, kama mkaa mwingi wa Dar es Salaam. Hata hivyo sehemu kubwa yake ni miti ya miombo, ukoo ule ule wa mitundu na miyombo ambamo baba yake alitundika mizinga. Maua ya miti hiyo ndiyo malisho makuu ya nyuki wa Tabora na Katavi, ndiyo yanayoifanya Tanzania itajwe miongoni mwa wazalishaji wakubwa wa asali Afrika. Mti mmoja unalisha nyuki kila msimu. Mti huo huo ukichomwa unaoka keki chache. Nilimuuliza kama amewahi kulifikiria hilo. Alikaa kimya, akapanga makaa kwa koleo, akasema amelifikiria sana, hasa anapompigia kaka yake simu na kusikia kwamba siku hizi mizinga inatundikwa mbali zaidi na nyumbani.

Gesi anayo. Mtungi uko ndani na anautumia kuchemshia chai na kukaangia maandazi. Kwa keki ameujaribu akashindwa, na sababu yake ni nyepesi: gesi ya jiko la mezani inawaka chini tu. Keki inaiva, lakini juu inabaki nyeupe na yenye unyevunyevu, na mteja hainunui. Oveni ya gesi au ya umeme ni fedha ambazo biashara yake ya kibati kimoja kimoja haijawahi kuziona pamoja. Anaishi mtaa ambao bomba la gesi kutoka Mtwara linaufikia, kulisha mitambo ya Kinyerezi inayofua umeme wa taifa, na bado rangi ya keki yake inategemea gunia.

Mei 2024 serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, unaotaka asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo badala ya kuni na mkaa ifikapo 2034. Ni lengo jema na nyuki wanalihitaji kuliko sisi. Ila mazungumzo yake mengi yanahusu ugali, maharage na chai, vyakula vinavyoivia chini. Waokaji wa nyumbani ni wengi Kinyerezi, Segerea, Tabata na Temeke, na mama huyu anasema wengi anaowafahamu wanaweka makaa juu ya sinia kama yeye. Wanaogawa mitungi na kukopesha majiko wawaulize watu hawa wanachohitaji, na ruzuku ya oveni ndogo iingie kwenye hesabu. Mtungi peke yake hauwezi kuwapa moto wa juu.